Naomba ushauri: mdogo wangu anataka utafiti wa rada, aanzie wapi?

Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma mjini, nina kibanda cha kutengeneza simu pale Mwanga. Mdogo wangu kamaliza shahada ya uhandisi wa mawasiliano, na akili yake yote iko kwenye rada. Si maneno tu: mwezi uliopita aliagiza kifaa kidogo kinachorusha mawimbi ya redio ya gigahezi 10.5 na kupokea yanayorudi, akakiunganisha na amplifaya na spika kuukuu, tukakaa barazani kupima bodaboda. Pikipiki ikija kwa kilomita 36 kwa saa, spika inalia hezi 700 hivi. Ikipunguza mwendo, mlio unashuka. Watoto wa jirani waligoma kwenda kulala.

Sasa anasema utafiti wa maana wa mambo haya uko jeshini, na ananitajia Waingereza, walioweza kubaini ndege iliyo angani mwaka 1935 kwa mawimbi ya redio ya BBC pale Daventry. Sawa. Lakini sisi hapa? Kwenye taasisi za jeshi letu, Nyumbu ya Kibaha naijua kwa magari, Mzinga ya Morogoro kwa risasi. Na mama hataki hata kusikia habari za kwata.

Wenye uzoefu, raia anaweza kuingia huko kama mtafiti, au lazima apitie JKT kwanza? Au bora asome shahada ya pili, halafu aombe kazi kwenye rada za hali ya hewa za TMA? Na hicho kifaa, TCRA wanaosimamia mawasiliano hawatatusumbua? Nimemwambia akiweke kabatini mpaka mnijibu.