Filamu yenye mchawi shuleni: tuwasikilize watoto au wazazi?

Mwalimu wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Siku ya kufunga shule hapa Uyole, Mbeya, tuliwaonyesha watoto wa darasa la nne na la tano The Chronicles of Narnia, ile ya kwanza ya 2005, ya ndugu wanne wanaoingia kabatini na kutokea kwenye nchi ya theluji. Projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, madirisha tukaziba kwa maboksi. Sauti ilikuwa ya dijei wa kutafsiri, maana kwa Kiingereza tungewapoteza mapema.

Baadaye nikawapa karatasi waandike kilichowapendeza na kilichowaudhi. Sasa wazazi wawili wamekuja kulalamika kwamba shule inafundisha uchawi, na kamati inataka filamu zipigwe marufuku kabisa. Swali langu: maoni ya watoto wenyewe yana uzito wowote hapa?

Nawapa machache. Wengi wala hawakumtaja mchawi. Walimwandika Lucy, yule mdogo, aliyetangulia kuingia kabatini akarudi kusimulia, wakubwa zake wakamwona muongo. Na Edmund, ambaye naye alikuwa amefika huko kwa macho yake, akakana mbele ya wenzake. Binti mmoja kaandika: "Edmund ni mbaya kuliko mchawi kwa sababu alijua ni kweli." Mwingine: "Simba kufa kwa ajili ya msaliti sijapenda." Yupo aliyesema ilikuwa ndefu na njaa ikamuuma. Na mvulana mmoja kaandika alicheka sana mchawi alipoongea kama bibi wa Tukuyu.

Kijana wa Tukuyu
Hapo hapo mwalimu, usipite haraka. Mchawi aliongea kama bibi wa Tukuyu? Yaani dijei kampa mchawi lafudhi ya kwetu, na walimu mmekaa hapo watoto wanacheka?

Mwalimu wa Uyole
Ndiyo, pale anaposimamisha gari lake la theluji alimsalimia Edmund kwa Kinyakyusa, "Ugonile". Ni sehemu ndogo sana, kijana wangu. Mada ni maoni ya watoto.

Kijana wa Tukuyu
Ndogo kwako.

Mama Neema, Mafiati
Mimi si mmoja wa hao wawili waliolalamika, ila mngenichelewesha kidogo ningekuwa wa tatu. Mwanangu tangu siku ile choo cha nje usiku haendi peke yake. Anasema mchawi akikunyooshea fimbo unakuwa jiwe. Nyie mnaongelea Lucy na kabati, sisi tunaamshwa saa nane za usiku kushika tochi.

Mtumishi, Ilomba
Bwana asifiwe. Kumbukumbu la Torati 18 imekataza waziwazi mambo ya uganga na uchawi. Haisemi "isipokuwa kwenye filamu za watoto". Mlango ukishaufungua hujui kitakachoingia. Shule iombe radhi, yaishe.

Dada wa Makete
Mtumishi, kwa heshima zote, hiyo filamu umeiona? Kitabu chake kilitoka 1950, kaandika C. S. Lewis, Mkristo aliyekuwa akitoa mafundisho ya imani kwenye redio ya BBC wakati wa Vita Kuu ya Pili. Simba anakufa kwa niaba ya mkosaji, anafungwa na kunyolewa huku wakimdhihaki, kisha anafufuka kulipokucha. Wanaomkuta wa kwanza ni wasichana wawili. Kama hapo husikii Pasaka, sijui unasikia nini.

Mtumishi, Ilomba
Dada, nimehubiri Pasaka kabla hujaolewa. Usinifundishe.

Dada wa Makete
Sijaolewa.

Mnyalu wa Kihesa
Kamweneni. Nchi yetu hii watoto wamekuzwa na hadithi za sungura anayemdanganya fisi, leo simba akisema kwenye shuka jeupe imekuwa dhambi? Hapa Iringa tuna Gangilonga, jiwe linalosimuliwa kwamba lilisema, na chifu wetu Mkwawa alilisikiliza. Wakumbukeni wazee wenu.

Na wewe wa Tukuyu, utani usiuchukulie moyoni. Kuna picha nyingine dijei alimpa steringi, yule mhusika mkuu, jina la Mkwawa, steringi akafa mwishoni, na Wahehe hatukuandamana.

Kijana wa Tukuyu
Babu yako kapewa usteringi, bibi yangu kapewa uchawi, halafu unaniambia tuko sawa? Na simba huyo mnayemsifia alipewa lafudhi gani? Nitawaambia bila kuiona: Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Nimekosea mwalimu?

Mwalimu wa Uyole
Hujakosea.

Kijana wa Tukuyu
Basi.

Mama Neema, Mafiati
Kwa hili namuunga mkono kijana, na naomba mnisome vizuri. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Macho mekundu ya moshi wa kuni, basi, kashakuwa mchawi. Yule mwanamke wa kwenye filamu ni mweupe kama chaki, ana gari la kuvutwa na dubu, hakuna mtoto wa Mafiati atakayekutana naye njiani. Lakini mkimpa sauti ya bibi anayeuza ndizi pale kwenye kona, mtoto atakutana naye kesho asubuhi akienda shule. Mtengenezaji wa filamu aliweka umbali, dijei akauondoa. Hofu ya mwanangu ndiko ilikotoka, naamini hivyo.

Fundi wa kibanda, Mwanjelwa
Naona madijei wanapigwa mawe na watu ambao hawajawahi kukaa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea picha, hata mara moja. Nina kibanda, acheni niwaeleze kazi inavyokwenda. Dijei ni mtu mmoja. Anaangalia picha, anashusha sauti ya asili, anaingiza ya kwake juu. Hapo kuna watoto wanne, mchawi, simba, wale wanyama wawili wa mtoni mume na mke, mbwa mwitu, Babu wa Krismasi. Wote anawasema yeye, kwa koo moja. Asipobadili lafudhi, mtoto aliyekaa nyuma atajuaje nani anaongea? Lufufu, yule dijei wa zamani wa kutafsiri picha, alitulea hivyo hivyo, na nyie mnaoandika insha hapa mlijifunza kukaa saa mbili mbele ya picha kwa sababu yake.

Kijana wa Tukuyu
Lufufu simgusi, heshima yake ipo. Nauliza: kwa nini kila dijei akitaka mtu wa kuchekesha au kutisha anakuja kwetu au anakwenda kwa Wamakonde? Hizo lafudhi nyingine zimekwisha?

Mnyalu wa Kihesa
Kwa sababu ya kwenu inasikika vizuri. Hiyo ni sifa.

Kijana wa Tukuyu
Mnyalu, chunga ulimi.

Mama Neema, Mafiati
Fundi, ile peremende laini ambayo mchawi anamlisha Edmund mpaka anawauza ndugu zake, dijei aliiitaje? Wangu anasema halua.

Fundi wa kibanda, Mwanjelwa
Halua, ndiyo. Angeiitaje tena? Ni tamu, laini, ya kukatwa vipande, mtoto anaelewa papo hapo.

Dada wa Makete
Hapo dijei kafanya kazi nzuri, tuseme ukweli. Kwa watoto wa huku kwetu wala baridi haikuhitaji mtafsiri. Mwanangu anajua sakitu, ule umande unaoganda, ameona viazi vyetu vilivyoungua usiku mmoja vikawa vyeusi. Waliposema huko majira ya baridi yamedumu miaka 100 na Krismasi haijafika, aliuliza kitu kimoja: walikuwa wanakula nini? Nikabaki kimya. Nimeiangalia tena nikitafuta jibu na sijaliona. Lile jozi la mtoni lina samaki sawa, je wengine wote? Mtoto wa mkulima anaangalia filamu kwa jicho la shamba. Mwalimu, swali la namna hiyo kwenye karatasi zako lipo?

Mwalimu wa Uyole
La chakula halipo. Lipo la makoti: kwa nini walichukua makoti ya mwenye nyumba kabatini bila kuomba. Na nashukuru dada umerudi kwenye mada. Ndugu zangu, watoto zaidi ya nusu wamekasirika kwamba mdogo akisema ukweli haaminiwi. Mimi hiyo imenisumbua kuliko uchawi wote. Darasani kwangu wapo ambao wangekuja kuniambia jambo zito la nyumbani, na nikisoma karatasi zile najiuliza kama wananiona mimi ni Peter na Susan, wale wakubwa wa Lucy. Mtu aniambie kitu kuhusu hilo.

Mnyalu wa Kihesa
Mwalimu, kwani Lewis alikuwa padri? Nakumbuka kusoma alikuwa padri.

Dada wa Makete
Hapana. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Oxford halafu Cambridge. Alizaliwa Belfast, 1898.

Mnyalu wa Kihesa
Mwaka aliofariki Mkwawa! Mnaona sasa.

Mtumishi, Ilomba
Tunaona nini? Mwaka 1898 watu wengi walizaliwa. Mnageuza kila kitu kuwa Iringa.

Fundi wa kibanda, Mwanjelwa
Hapo mtumishi tuko pamoja kwa mara ya kwanza.

Mama Neema, Mafiati
Naitwa mwanangu anataka kuandika. Nampa simu, mumsome.

Shikamooni. Mimi nipo darasa la tano. Mchawi alinitisha mara moja tu, alipokufa simba. Peter angemwamini Lucy siku ya kwanza wangeingia wote wanne, Edmund asingekutana na mchawi akiwa peke yake. Kwa hiyo kosa ni la Peter pia lakini hakuna aliyemgombeza. Kilichoniuma zaidi ni mwisho. Walikuwa wakubwa, wafalme, wana farasi, halafu wakarudi kabatini wakawa watoto tena wa kuambiwa kaa hapa. Mngewauliza kama wanataka kurudi. Na lafudhi ya mchawi ilinichekesha lakini bibi wa ndizi simwogopi, mama amekosea. Naogopa choo kwa sababu balbu imeungua.

Mtumishi, Ilomba
Saa hizi mtoto wa darasa la tano yuko kwenye simu? Ndiyo malezi hayo?

Mama Neema, Mafiati
Mtumishi, nimempa mimi, nimekaa naye hapa, na amekujibu kwa adabu kuliko wewe. Balbu itanunuliwa. Ila sijaondoa neno langu kuhusu lafudhi.

Dada wa Makete
"Mngewauliza kama wanataka kurudi." Mwalimu, hilo lipeleke kwenye kamati kama lilivyo.

Fundi wa kibanda, Mwanjelwa
Tufanye hivi. Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya 1976 kuangalia picha kabla ya kuonyeshwa, lakini sauti ya dijei inayoongezwa juu Mwanjelwa hakuna anayeipitia. Natoa kibanda bure siku moja, jenereta yangu, mafuta mchangie. Tunaonyesha bila dijei, mtu anatafsiri papo hapo kwa kipaza sauti mbele ya wazazi. Nani anaweza?

Kijana wa Tukuyu
Mimi. Na mchawi nitamwongelesha Kiswahili cha taarifa ya habari, tuone kama watoto watashindwa kumjua.

Mnyalu wa Kihesa
Na simba?

Kijana wa Tukuyu
Simba atatoka kwetu Rungwe.

Mtumishi, Ilomba
Nitakuja kuiona, ili nikikataa nikatae ninachokijua. Nitakaa mbele.

Mwalimu wa Uyole
Nimeandika majina. Kamati nitaiambia isipige kura mpaka siku hiyo ipite, na karatasi za watoto nitazisoma kwanza, kabla mtu mzima yeyote hajasimama.

Mama Neema, Mafiati
Mwanzo uwe saa saba mchana. Filamu yenyewe inapita saa mbili, na mkianza kuzozana kuhusu Rungwe zitakuwa nne. Kuna malori ya Tunduma hapo barabarani na watoto wanavuka kwa miguu. Mkianza jioni, wangu haji.