Eti "anacheza"! Geko anazunguka kama pia, tangazo linasema ANACHEZA

Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule yule wa matangazo ya geko chui, mjusi wa kufuga mwenye madoa, picha za mwanga mkali na bei ya ng'ombe wawili. Leo kaweka video ya Enigma, aina ya geko chui inayozalishwa kwa ajili ya madoa yake. Kichwa cha mnyama kimelala upande, anajizungusha palepale, anamrukia nyenje anadaka hewa, anarudia anadaka mchanga. Chini jamaa kaandika: "Mchangamfu sana, anacheza."

ANACHEZA!

Huo ni ugonjwa wa neva, wa kurithi. Enigma ilijitokeza Marekani mwaka 2006, na jeni yake ni tawala: mzazi mmoja akiwa nayo, karibu nusu ya watoto wanaibeba. Madoa yale mnayoyapenda na kizunguzungu kile vinakwenda pamoja. Wafugaji wamechanganya damu miaka na miaka, hawajavitenganisha. Tena mtoto anaweza kuanguliwa katulia kabisa, akasafirishwa siku mbili kwenye boksi, akafika anakodolea dari kama anahesabu nyota. Safari, kuhamishwa tangi, kupandishwa na mwenza: msukosuko ndio unaoamsha. Huyu wa video hata hajasafiri! Akifika kwa mnunuzi si atakuwa feni?

"Anacheza." Ngoma gani hiyo isiyo na mapumziko?

Mkia_Mnene: Umenena mkuu. Kabla ya kulipa dai video ya kula, picha haitoshi. Nyenje watatu, mmoja mmoja. Mzima hukosa mara mojamoja. Mwenye kasoro anauma pembeni ya windo karibu kila mara. Kisha alazwe chali kiganjani: mzima anajigeuza papo hapo, mgonjwa anatapatapa. Na kwenye maonyesho ya mijusi na nyoka kama ya Hamm, Ujerumani, mwambie muuzaji amtoe kikoponi. Kikopo kidogo kinaficha mzunguko.

KakaDari: Watu wazima mnalilia mjusi? Mjusi kafiri wa ukutani anakula mbu bure na hazunguki. Fungua dirisha, umepata geko.

Bi_Nyenje: @KakaDari hazunguki kwa sababu hakuna aliyemchagulia mwenza kwa ajili ya madoa. Ila mleta uzi naye, kelele zote kwa Enigma, Lemon Frost, geko chui wa aina nyingine, umemwacha wapi? Mwaka 2021 watafiti wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) walichapisha: jeni inayohusika ni SPINT1, na zaidi ya asilimia 80 ya wanaoibeba wanaota uvimbe mweupe wa ngozi. Ule weupe unaowatoa watu mate ni seli za rangi zinazozaana bila breki. Unanunua saratani kwa sababu inang'aa! Mgeuze umtazame tumbo, pitisha kidole taratibu: kinundu cheupe kigumu, rudisha.

Mleta uzi: Lemon Frost fungua uzi wako dada. Hapa kuna mtu kaandika "anacheza" chini ya mnyama mgonjwa wa neva!

Kiangulio: Punguzeni jazba, si kila kilichopinda ni urithi. Taya laini na miguu ya upinde ni upungufu wa kalisi na vitamini D3. Mkia uliopinda tangu yai unaweza kuwa joto tu. Mayai yakikaa nyuzi 26 unapata majike, 32 hadi 33 madume wengi, 34 majike tena, na hapo kasoro zinanyemelea. Rudia wazazi walewale kwenye kiangulio chenye kipimajoto sahihi. Kasoro ikirudi, achisha hao wazazi kuzaa.

Mleta uzi: Kiangulio hakifundishi geko "kucheza".

Mkia_Mnene: Kwa ambaye tayari anaye Enigma: tangi dogo, sakafu ya karatasi au vigae (akikosa windo kwenye mchanga anameza mchanga), bakuli la maji lenye kina kifupi, mlishe kwa kibanio, taa ziwake na kuzima saa zilezile. Na USIMPANDISHE, hata akionekana mzima.

Mkadi_Kimboza: Mnagombana kuhusu wa Asia, wa kwetu mnamwacha. Geko buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anaishi kwenye mikadi, na wakamataji waliikata mikadi yenyewe ili wamfikie! Tangu 2017 yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, kwenye orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, lakini matangazo bado yanasema "kazaliwa kifungoni" bila karatasi hata moja.

KakaDari: Huyo buluu bei gani?

Mkadi_Kimboza: Umesoma nilichoandika kweli wewe?

Bi_Nyenje: Jamani nyenje mbona wamepanda bei hivi?

Kiangulio: Hamia mende wa dubia. Hawapigi kelele, hawarukiruki, na walishe karoti saa 24 kabla hujampa geko.

Bi_Nyenje: Mende ndani ya nyumba yangu? Thubutu.