TUMEPIGWA: "Siku 4 Nairobi" zimekuwa siku 2, na watu wa Tabora tumezungushwa Dar kwanza

Wakuu habari zenu. Naandika hapa nikiwa na hasira, mnisamehe kama mambo hayatapangika, tumerudi Tabora juzi usiku na mpaka sasa miguu imevimba na usingizi sipati kwa sababu hela iliyoliwa sio yangu peke yangu.

Iko hivi. Tuna kikoba chetu hapa Isevya, tuko watu 11, wanawake 9 na wanaume 2, na mimi ndo mhazini. Mwaka jana tulikubaliana kwamba mgao wa mwaka huu tusigawane wote, tutoe kila mtu 950,000 tukatembee Nairobi, maana wengi wetu hatujawahi kuvuka mpaka hata mmoja. Sio kununua mzigo wala kwenda hospitali. Kutembea tu, tuone mji mkuu wa wenzetu, tuone makumbusho, tuone wanyama, tupige picha turudi. Jumla 10,450,000. Hizo hela zimetoka kwenye maandazi, kwenye asali, kwenye karanga za pale sokoni, mtu ameweka elfu tano tano mpaka zikafika.

Tukapata wakala, yuko Dar, tuliunganishwa na mtu anayemfahamu. Jina sitaji. Akatutumia pdf imepambwa na picha ya simba na maghorofa nyuma yake, "Siku 4 za Kuifurahia Nairobi". Tukamwambia kabisa, kaka sisi tuko TABORA. Akasema hamna shida dada, njooni Dar safari inaanzia hapa.

Sasa hapo ndo uchungu wa kwanza. Wakuu, mtu wa Tabora anayekwenda Nairobi anapelekwa Dar kufanya nini? Basi za Tabora kwenda Arusha zipo, unapita Nzega, Igunga, Singida, Babati unafika, lami tupu. Unalala Arusha, asubuhi unapanda shato, yale mabasi madogo, unakwenda mpakani Namanga na mchana uko Nairobi umekula na umeoga. Sisi tumepanda basi Jumatatu tumefika Dar usiku, tumelala gesti kwa hela yetu, Jumanne tumekaa Dar kusubiri kwa sababu basi lake ni la Jumatano, tena gesti, tena chakula, Jumatano alfajiri ndo tunapanda basi la Nairobi ambalo linapita WAPI? Arusha! Yani tumezunguka nchi nzima kuja kupita palepale ambapo tungefika Jumatatu hiyohiyo. Nilipoliona bango la Karibu Arusha jioni ile nilitamani kulia.

Nairobi tumeingia usiku wa manane. Na wakala anakwambia hiyo Jumatano ndo "Siku ya 1". Siku ya 4 ni Jumamosi, na Jumamosi saa 11 alfajiri tunatakiwa tuwe kwenye basi la kurudi. Kwa hiyo siku nne ulizotuuzia, mbili tumekaa kwenye kiti cha basi. Kwanini usiandike siku mbili? Ungeandika mbili tungejua tunanunua mbili.

Tukirudi nyuma kidogo Namanga. Kwenye mchanganuo wake kulikuwa na 90,000 kila mtu, "kibali cha kuingia Kenya kwa mtandao". Nilimuuliza mapema akasema ni sheria mpya, Kenya ilianza 2024, kila mgeni lazima. Nikalipa, 990,000 kwa watu 11. Tunafika pale, unajua Namanga siku hizi ukaguzi wa nchi zote mbili uko kwenye jengo moja, nikamwambia afisa wa upande wa Kenya kwamba vibali vyetu viko kwenye mfumo kashalipia wakala. Akaniangalia. Akasema mama, nyinyi si Watanzania? Hicho kibali raia wa Afrika Mashariki hawalipii. Akagonga mihuri, pasipoti zikarudi, dakika chache tumemaliza. Nilibaki nimeshika zile pasipoti mkononi mbele ya wenzangu naona aibu kama mimi ndo nimeiba. Laki tisa na tisini elfu ya kitu ambacho hakipo kwetu!!

(Alafu pasipoti zenyewe, tulimuuliza kama hakuna njia nyingine akasema hakuna, kila mtu katoa 150,000. Mtakaokwenda ulizeni Uhamiaji kwanza, kuna hati ya dharura ya kusafiria ambayo ni nafuu, kwa safari fupi ya nchi jirani inatosha.)

Haya tukaamka Alhamisi. Loji yenyewe iko mitaa ya River Road, kelele usiku kucha, hilo siliongelei sana, mji ni mji. Naongelea ile ratiba. Aliyeipanga ile ratiba sijui hata kama ameshawahi kuiangalia Nairobi kwenye ramani. Asubuhi Giraffe Centre, kituo cha twiga, iko Lang'ata, nje ya mji. Ukitoka hapo, Makumbusho ya Taifa, hayo yako Museum Hill, upande mwingine kabisa wa mji kama unaelekea Westlands. Kutoka hapo turudi TENA Karen kuona nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, ambayo iko kulekule tulikotoka asubuhi. Alafu turudi TENA mjini tupande KICC, lile jengo refu la mikutano. Kwa foleni ya Nairobi! Foleni ya pale sio ya kusema utachelewa robo saa, gari inasimama mpaka dereva anazima injini.

Matokeo yake ni kwamba twiga tumewaona, na pale kwa kweli tulifurahi, unapewa chakula mkononi twiga anakuja na ulimi wake mweusi mrefu anakwapua, wenzangu wakapiga kelele kama watoto. Saa nzima ya raha. Kilichofuata ni kukaa kwenye Hiace. Makumbusho tumefika saa 9 alasiri, dereva anasema mna dakika 40 tu kuna Karen bado.

Hapa niwaambie kuhusu Mama Mwalimu. Kwenye kikoba chetu kuna mama mmoja ni mwalimu mstaafu, amefundisha shule za msingi huku Tabora zaidi ya miaka 30, historia na jiografia. Yeye ndo aliyetoa wazo la Nairobi. Kwenye yale makumbusho kuna chumba cha mifupa ya binadamu wa kale, kuna yule kijana wa Turkana, mifupa iliyogunduliwa 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu, ya miaka kama milioni moja na nusu, na karibu mwili mzima umepatikana. Mama Mwalimu amefundisha fuvu la Olduvai maisha yake yote, Zinjanthropus 1959, anakutajia kwa kichwa, na alikuwa anatuambia njia nzima kuanzia Singida huko wakati wa kwenda Dar kwamba mimi nikimuona huyu kijana wa Turkana nimemaliza. Alikuwa bado yuko kwenye ukumbi wa chini anasoma maelezo ya Ahmed, yule tembo wa Marsabit mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi na Mzee Kenyatta mwenyewe, anasoma mstari kwa mstari kama anasahihisha daftari, dereva akaingia na funguo mkononi anasema tunaondoka. Nilibishana naye. Anasema mimi nafuata karatasi ya bosi. Kijana wa Turkana tumemuona kwa dakika labda tano, tunasukumana mlangoni.

Na huko Karen tulikoharakishiwa? Tumefika giza linaingia, pamefungwa. KICC hatujapanda. Jengo la 1973, ghorofa 28, unapanda mpaka juu kabisa unaona mji wote, sisi tumeliona kwa dirisha la gari usiku linawaka taa.

Ijumaa sasa. Ratiba inasema mbuga ya Nairobi saa 6 mchana. Mtu yeyote aliyekulia karibu na pori anajua, saa 6 mchana mnyama gani yuko barabarani? Simba kalala kichakani. Mbuga inafunguliwa saa 12 asubuhi, ndo mda wa kuingia. Tuliona pundamilia na kwa mbali sana kifaru, na maghorofa yale ya kwenye picha, mbuga imepakana na mji na upande wa kusini tu ndo iko wazi, haina uzio.

Ila pale getini ndo nilijua kila kitu. Kwenye mchanganuo wake viingilio vyote kaandika kwa dola, bei ya mgeni anayetoka Ulaya. Pale getini hakuna kulipa taslimu, unalipa kwa mtandao, dereva akawa anashughulika na simu yake, kioo kimepasuka, mlinzi akaomba pasipoti zetu akasema hawa ni Afrika Mashariki. Nikachungulia. Risiti imekuja kwa SHILINGI ZA KENYA, bei ya raia wa Afrika Mashariki, haikaribiani kabisa na kile nilichokatwa. Dereva akaifunika simu haraka lakini nilishaona, na nilimuomba anitumie skrinshoti mpaka leo hajatuma. Baadae nikauliza na mambo ya makumbusho, hivyohivyo, mtu wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali hawalipi sawa. Mbona hata kwenye vivutio vyetu Mtanzania ana bei yake. Kwa hiyo huyu wakala katutoza kama Wazungu, kalipa kama Watanzania, katikati kaweka mfukoni.

Na la mwisho ndo linaniuma kuliko hela. Kuna kituo cha tembo yatima, cha shirika la Sheldrick lililoanzishwa 1977, wanalea watoto wa tembo waliopoteza mama zao, wanawanyonyesha kwa chupa. Mama Mwalimu alikuwa na picha yake kaikata kwenye gazeti. Ratiba imeandikwa hivi: "Ijumaa saa 11:00, Tembo yatima." Sisi Waswahili ukituandikia saa 11, na mchana tunakuwa mbugani, tunaelewa nini? Saa kumi na moja jioni! Kumbe jamaa kanakili kwenye ukurasa wa Kiingereza, 11 yao ni saa 5 asubuhi yetu, kaibandika hivyohivyo bila kuigeuza. Wageni wa kawaida wanaingia saa 5 asubuhi mpaka saa 6 mchana basi, saa moja tu kwa siku, na lazima uwe umeshaweka nafasi. Nafasi yenyewe sijui kama aliweka.

Tumefika saa 10 na nusu jioni, upande wa Barabara ya Magadi, watu 11 tumevaa vitenge vya sare. Mlinzi kwa upole kabisa akasema pole sana mama, wageni walitoka saa sita, saa hii hakuna kuingia, mkuje kesho. Kesho tuko kwenye basi alfajiri. Saa 5 ya siku hiyo sisi tulikuwa wapi? Kwenye foleni ya Lang'ata, tumekaa tunakunywa maji, hata hatuko mbali na hapo.

Mama Mwalimu hakusema neno kwetu. Alifungua mwamvuli maana jua lilikuwa bado linachoma, akamsogelea yule mlinzi akamuuliza, mwanangu, hawa watoto wananyonya mara ngapi kwa siku? Mlinzi akamwambia kila baada ya masaa matatu, usiku na mchana. Akatoa kidaftari chake kwenye pochi, akaandika. Akasema ahsante. Akarudi kwenye gari akakaa siti ya nyuma na mpaka tunafika River Road hajaongea.

Nimempigia wakala usiku huohuo. Kanijibu "dada safari ndo hivyo, changamoto hazikosi". Changamoto! Changamoto ni mvua, changamoto ni gari kupasuka tairi. Kuandika saa kwa Kiingereza ukamuuzia Mnyamwezi sio changamoto, kuchukua hela ya kibali ambacho hakihitajiki sio changamoto. Tangu Jumapili simu hapokei, WhatsApp anasoma anauchuna.

Na kinachonitia hasira zaidi ni kwamba haikuwa ngumu. Siku mbili hizohizo zingetosha! Upande wa Lang'ata wote siku moja: mbuga saa 12 asubuhi, tembo saa 5, twiga mchana, Karen alasiri, kote huko ni jirani. Kesho yake mji: makumbusho mtu akae hata masaa manne asome mpaka achoke, alafu KICC, alafu makumbusho ya reli, sisi watu wa Tabora tumekulia kwenye reli jamani, hata hayo hakuyaweka. Hiyo ratiba nimeipanga mimi jana jioni na simu yangu kwa nusu saa, na mimi kazi yangu ni kuuza karanga.

Sasa naomba msaada wa kweli, sio wa kuniambia tulizeni moyo. Nina risiti za miamala yote, nina ile pdf, nina meseji zake, nina mihuri ya Namanga kwenye pasipoti 11. Nimemuomba leseni yake ya biashara ya utalii hajanitumia. Nidai wapi kwa mtu aliyeko Dar wakati mimi niko Tabora, nianzie polisi, au Tume ya Ushindani, au wizara? Mwenye uzoefu wa kudai akarudishiwa anielekeze hatua kwa hatua. Na kama kuna mwanasheria humu anaweza kutuandikia barua ya madai, aseme bei yake hapahapa kila mtu aione.

Jumamosi saa 9 alasiri tuna kikao cha kikoba, na ajenda ya kwanza ni mhazini kusoma mapato na matumizi ya safari. Nataka niingie pale nikiwa na jibu.