Najitolea mradi wa watoto na wazee kijijini, tufanyeje wasiwe wanakaa tu wanatazamana?

Kiherehere_Mwema

Wakuu habari za muda huu. Nimejiunga kujitolea na mradi mmoja wa kijijini, kazi yake kukutanisha watoto wa shule ya msingi na wazee wa hapo hapo, kila wiki siku moja baada ya masomo. Wazo zuri sana sina ubishi, ila utekelezaji ndo unanipa shida. Watoto wanakaa upande wao, wazee wamepangiwa viti mbele kama wageni rasmi, mratibu anasimama katikati anaongea weee, halafu mzee mmoja anaombwa asimulie "mambo ya zamani", anaanza kuwaambia watoto kwamba kizazi chao hakina adabu, watoto wanaanza kuchokozana chini kwa chini, picha zinapigwa za kupeleka kwa wafadhili, kwisha. Wiki inayofuata vile vile.

Nataka kujua kwa walioshiriki vitu kama hivi, nini hasa kinafanya watoto na wazee waanze kuongea wenyewe bila sisi kuwasukuma? Pia kuna wazee hawasikii vizuri na mmoja anarudia stori ile ile kila akija, watoto wanacheka, mimi sijui nitazame wapi. Na mi mwenyewe sio wa pale, nakaa miezi michache tu halafu naondoka, je kuna haja ya kuanzisha kitu kipya au nitulie nifuate ratiba yao?

Chaki_Nyeupe

Mkuu tatizo lenu ni viti. Sitanii. Ukishampangia mzee kiti mbele na watoto ukawakalisha chini umeshafanya darasa, na mzee akijikuta mbele ya darasa atafanya nini zaidi ya kuhubiri? Hata wewe ungehubiri.

Wape kazi ya mikono ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza bila mwingine. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, mwaka 1954 aliandika kuhusu makundi ya watu wanaodharauliana, yeye alikuwa anazungumzia zaidi ubaguzi wa rangi, akasema kukutana peke yake hakutoshi, watu wanahitaji kukutana wakiwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana na sio kushindana, na wakubwa wao wameunga mkono. Sasa pima hicho kikao chenu. Hadhi sawa hakuna, lengo la pamoja hakuna, kilichopo ni huo uungwaji mkono tu wa wakubwa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ramani. Mnatandaza karatasi kubwa chini au juu ya meza, mnachora kijiji kama kilivyokuwa wakati wazee wana umri wa hao watoto. Njia ilipita wapi, maji yalichotwa wapi, nyumba ya nani ilikuwa pale shule ilipo sasa, wapi walikuwa wanakatazwa kucheza na bado wanaenda. Mtoto ndo anashika penseli kwa sababu macho yake yanaona, mzee ndo anajua. Ndani ya dakika chache utaona wazee wawili wanabishana mto ulikata kona kabla ya mti mkubwa au baada, na mtoto ameshika ufutio anawaangalia kwa zamu anasubiri uamuzi, halafu anauliza "sasa nifute au nisifute?" Hapo mratibu akikaa kimya hakuna kitakachoharibika.

Kinasa_Sauti

+1 kwa ramani. Mi naongezea kwenye maswali maana nyie mnauliza vibaya. "Tusimulie mambo ya zamani" sio swali. Hata mimi ukiniuliza hivyo sasa hivi nitakupa hotuba.

Watafiti wa kumbukumbu wamegundua mtu mzima akiombwa akumbuke maisha yake, vitu vinavyomjia kwa wingi ni vya alipokuwa na umri wa kama miaka 10 hadi 30 hivi, kuliko vya katikati ya maisha. Kwa hiyo lenga hapo, na lenga kitu kidogo kinachoshikika. Nani alikuwa anakuamsha asubuhi? Ulikuwa unaogopa nini usiku? Kazi gani ya nyumbani ulikuwa unaikwepa na ulikuwa unaikwepaje? Uliwahi kudanganya ukashikwa? Hilo la mwisho watoto watakaa kimya kama wamemwagiwa maji, halafu wataanza kutoa na ya kwao.

Na maswali waandae watoto wenyewe, nyie muwasaidie tu. Mtoto akiuliza swali lake anasikiliza jibu, akiuliza la kwako anasubiri kumaliza.

Kama kuna simu yenye nafasi warekodi sauti, sauti tu inatosha, vidio inawafanya watu wakae kama wako studio. Mwanzo wa kila rekodi mtoto ataje tarehe na jina la anayeongea kama mwenyewe amekubali, na ziwekwe sehemu mbili tofauti sababu simu hupotea. Sio mchezo huo, masimulizi ya mdomo yametajwa kabisa kwenye mkataba wa UNESCO wa 2003 wa urithi usioshikika. Ila mzee asikilizishwe kwanza kabla hamjampelekea mtu mwingine yeyote, na akisema hapo pakatwe, pakatwe.

Nesi_Wa_Zamu

Habari zenu. Najibu la kusikia na la kurudia stori.

Masikio yakizeeka kinachoondoka kwanza ni sauti nyembamba za juu, na sauti za watoto ndo ziko huko. Pia herufi kama s, f na t zinapotea, kwa hiyo mzee anasikia kuwa unaongea ila hapati maneno. Mtoto akipiga kelele sauti inazidi kuwa nyembamba, yaani anazidisha tatizo. Wafundishe watoto wakae mbele ya mzee uso kwa uso, mwanga uwe kwenye uso wa mtoto na sio nyuma yake, waongee polepole kwa sauti nzito kidogo, na asipoelewa wabadilishe maneno badala ya kurudia yale yale kwa nguvu. Na punguzeni idadi. Watoto thelathini kwenye chumba kimoja hakuna mzee atasikia kitu, hata mwenye masikio mazuri anaumia kichwa. Mzee mmoja kwa watoto wawili au watatu, chini ya mti au pembeni huko kwenye utulivu.

Huyo anayerudia stori huenda ana shida ya kumbukumbu huenda hana, sio kazi yenu kupima, ila kama familia yake haijashtuka mtu anayeheshimika awaambie kwa upole wampeleke akaangaliwe. Watoto waambieni ukweli kabla hamjaenda, kwamba ubongo nao unaugua kama mguu unavyougua, watoto wakielezwa huwa hawacheki, wanacheka kwa sababu hawaelewi na wanaona watu wazima mnakwepa macho. Asiulizwe "unanikumbuka mimi?" maana huo ni mtihani. Mtoto akifika aseme tu "shikamoo babu, mimi fulani, wiki iliyopita tulikuwa wote." Na stori ikirudiwa mtoto anaweza kuuliza kipande kipya ndani yake, huyo mtu mwingine alivaa nini, ilikuwa jua au mvua.

Kingine, kumbukumbu za mikono hudumu sana. Mtu anaweza kusahau jina lako na bado akasuka, akafunga fundo, akakunja kitu alichokikunja maisha yake yote. Mpe kamba, usimpe maswali.

Afu mtoto mwenye mafua au kikohozi siku hiyo abaki nyumbani. Mafua yanayomlaza mtoto siku mbili kwa mzee yanaweza kushuka kifuani. Maji na sabuni viwepo kabla ya kuanza. Na saa moja inatosha, wazee wanachoka wanaona aibu kusema.

Mbishi_Wa_Kudumu

Samahanini naomba kuuliza kitu ambacho hamna aliyeuliza. Kijijini si wazee na watoto wanaishi pamoja tayari? Bibi wengi ndo wanalea wajukuu hivi hivi kila siku, wanawapikia, wanawafulia, wanawasubiri watoke shule. Sasa unamtoa bibi nyumbani kwake ambako ameachiwa wajukuu, unamleta akakae na watoto wengine eti asijisikie mpweke. Yeye anataka kupumzika!

Chaki_Nyeupe

Mbishi leo umeongea. Ila kuishi nyumba moja sio kuongea. Mjukuu na bibi maneno yao mengi ni lete, peleka, umekula, umeoga. Na wazee wanaokuja kwenye vikao mara nyingi ni wale wale wenye nguvu na wanaopenda kuongea. Wale ambao mradi ungewafaa ni wasiotoka, anayeishi peke yake, mwenye magoti mabovu, aliyefiwa akajifungia. Hao hawatakuja kwenye kikao hata mkiweka matangazo mwaka mzima. Nendeni kwao, mtu mzima mmoja au wawili na watoto wachache, mkiwa mmeomba ruhusa kwanza. Akisema hataki, hataki.

Jicho_La_Tatu

Niingilie hapo kwenye kwenda majumbani maana naona watu wanapita haraka. Mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima yeyote sehemu ambayo wengine hawaoni. Yeyote, hata mzee anayeheshimika kijiji kizima, hata mratibu, hata wewe Kiherehere. Watu wazima wawili kila ziara, mlango wazi, mzazi anajua mtoto yuko wapi na anarudi saa ngapi. Anayeona anavunjiwa heshima na sheria hiyo muelezeni kuwa inamlinda na yeye.

Na upande wa pili pia. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na kuendelea hutendewa vibaya ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi ni na watu wa karibu. Mkienda majumbani mtaona vitu. Mzee ana njaa, mzee kafungiwa ndani, pesa zake anachukua mtu. Kabla ya kuanza mjue mtaripoti kwa nani, sio mnarudi mnasimuliana kwenye grupu la WhatsApp.

Picha: ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na ya mzee. Kumpiga picha mzee kachakaa ili mfadhili aingiwe huruma mi naita wizi.

Kiherehere_Mwema

Aisee nimepata zaidi ya nilichotarajia, asanteni sana wakuu. Viti nimeshaongea na mratibu, hajakataa ila hajafurahi, anasema wazee watajisikia wamedharauliwa wakikaa duara moja na watoto.

Swali jingine. Wafadhili wanataka tuweke kipengele cha watoto kuwafundisha wazee kutumia simu. Mnaonaje? Na lile la mimi kuondoka mbona mmelikwepa?

Kinasa_Sauti

Mzee abaki na kiti chake, magoti hayajui duara, mnachoondoa ni ile "mbele". Watoto nao wapewe viti au benchi basi, macho yawe usawa mmoja.

Simu ni nzuri ikijibu shida ya mzee mwenyewe. Muulizeni anataka nini, wengi utakuta ni kumpigia mtoto wake aliye mbali bila kuomba msaada, au kukuza maandishi. Hiyo unamaliza siku moja na ameshinda. Ukimpeleka kwenye "mafunzo ya dijitali" na cheti anakimbia. Na siku hiyo hiyo naye afundishe kitu, asirudi nyumbani akiwa ndo mwanafunzi peke yake.

Chaki_Nyeupe

La kuondoka. Kuna kituo Tokyo kinaitwa Kotoen, kwa miaka mingi shule ya watoto wadogo na makazi ya wazee viko pamoja, asubuhi wanafanya mazoezi ya viungo pamoja. Inadumu kwa sababu imeshakuwa sehemu ya siku yao, haimsubiri mtu wa mradi aje na boksi la vifaa. Marekani nako kuna mpango wa tangu 1965 ambapo wazee wenye kipato kidogo wanakuwa babu na bibi wa kujitolea kwa watoto wenye uhitaji, na wanapewa posho kidogo. Yaani mzee ndo voluntia, sio mgeni wa heshima.

Kwa hiyo usianzishe kitu ambacho funguo unakaa nazo wewe. Tafuta mwalimu mmoja na mzee mmoja wa pale, hao ndo waandae orodha, hao ndo wapige simu kuulizia nani kaumwa, wewe beba karatasi. Watoto na wazee waambie mapema unaondoka lini, na usiahidi kurudi kama hujui utarudi. Watoto wa vijijini wameshaagwa na mavoluntia wengi.

Mbishi_Wa_Kudumu

Na usiwagawie pipi. Siku pipi zikiisha utajua walikuja kwa ajili ya nani.

Kiherehere_Mwema

Haha sawa mkuu. Wiki ijayo tunajaribu ramani, mwalimu wa darasa la tano amekubali kuisimamia yeye. Karatasi kubwa hivyo naipata wapi bila kusumbua bajeti?

Chaki_Nyeupe

Mifuko ya saruji iliyotumika. Kung'uta nje vizuri mbali na watoto, futa vumbi, pasua, tumia safu ambayo haijagusa saruji, gundisha minne. Na waanze kwa penseli, kalamu wasishike mpaka wale wazee wawili wamalize kubishana kuhusu mto.