Acheni kumuua nyoka mla mayai, yule si kifutu!

Wakuu, leo nina hasira na sitamung'unya maneno. Kwenye grupu la mtaa wetu imerushwa video ya nyoka mwembamba wa kahawia, mabaka mgongoni, kichwa kimepondwa kwa jembe. Chini wameandika "kifutu hatari auawa", na pongezi zinamiminika. Kifutu gani? Yule ni nyoka mla mayai! Sumu hana hata tone, na meno ni vijino tu visivyoweza kumdhuru mtu.

Kinachoniuma ni kwamba ameuawa kwa kinga yake mwenyewe. Akibanwa hujikunja mikunjo mikunjo, akasugua magamba ya ubavuni yanayokwaruza kama msasa, ikatoka sauti ya kufoka. Kifutu hufoka kwa pumzi, huyu hufoka kwa magamba. Hapohapo anatanua kichwa, anaachama na kurusha shingo kana kwamba atauma. Ndege mwindaji au nguchiro akiona hivyo husita, kwa sababu kifutu wa kweli angemtoa roho. Henry Walter Bates, Mwingereza aliyechunguza vipepeo wa Amazon, alieleza ujanja huu tangu 1862: asiye na silaha anaiga sura ya mwenye nayo, adui anamkwepa. Sisi hatukwepi, tunakimbilia jembe.

Na chakula chake ni mayai ya ndege tu! Analimeza zima, pingili za uti wa mgongo zilizochongoka shingoni zinalipasua, ute na kiini vinashuka tumboni, ganda analitema limebonyea. Ndege wasipotaga anaweza kukaa miezi bila kula. Huyo ndiye mnayemwita muuaji?

Kifutu ni mnene, mkia mfupi, kichwa kipana kinachojitenga wazi na shingo. Mla mayai ni mwembamba, kichwa kidogo, ila akikasirika anakitanua, kwa hiyo sisemi mtu amshike ili ahakikishe. Hujui ni yupi? Rudi nyuma, ondoa watoto, mwachie njia. Kama kaingia ndani, ita watu wa wanyamapori.

Na wewe uliyerusha video, futa yale maelezo uandike ukweli. Watoto wa mtaa mzima wameiona, na kesho watampiga mwingine wakijua wanafanya jambo la maana.