Mvua ya nusu saa Bukavu: ni mbingu au ni parseli zetu?

Mwana Kadutu: Wandugu, juzi mvua ilinyesha nusu saa tu, mto Kawa ukafika mlangoni petu. Papa yangu anasema mvua kali zilikuwepo tangu zamani, ila sasa tumejenga njiani mwa maji. Mimi naona mvua yenyewe imegeuka. Ninyi mnaonaje?

Mkaaji wa Muhumba: Papa yako anasema kweli. Tangu watu wa vijijini wajazane kule juu, kila bonde limekuwa parseli, kiwanja cha kujenga.

Mama wa Funu: Watu wa vijijini ndio nani? Nilikimbia vita kutoka Bunyakiri, mtoto mgongoni. Unadhani nilichagua mteremko? Parseli niliuziwa, karatasi ninayo, na muhuri juu. Aliyegonga muhuri alitoka kijiji gani?

Mwanafunzi wa Jiografia: Turudi kwenye mvua. Hewa ikipata joto nyuzi 1 zaidi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvua fupi zinaweza kuzidi hapo, kwa kuwa wingu linalomwaga huvuta unyevu wa pembeni. Kumbukeni mafuriko ya Kalehe, Mei 2023: vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wafu zaidi ya 400. Watafiti walitaka kujua kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia, wakashindwa kusema. Vipimo vya mvua havikutosha.

Mkaaji wa Muhumba: Umejijibu. Hakuna ushahidi.

Fundi Mabati: Ndugu, mzani ukikosekana sokoni, mihogo haina uzito? Na hata penye kipimo, mara nyingi kinasomwa mara moja kwa siku, asubuhi. Milimita 40 zilizonyesha polepole kutwa nzima ni baraka kwa maharagwe. Zikishuka kwa nusu saa zinabomoa ukuta. Daftari litaandika 40 kwa zote mbili! Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kwa milimita 40 hizo, bati la mita 10 kwa 8 linamwaga lita 3,200. Sasa hesabu mabati yote yanayoelekea Kawa.

Mkaaji wa Muhumba: Hesabu na chupa pia. Kila mvua inashusha chupa zenu ziwani, zinaziba bwawa la umeme la Ruzizi, na sisi wote tunakaa gizani.

Mama wa Funu: Chupa zetu? Mimi nanywa maji ya chemchemi, nayapanga foleni saa kumi na moja alfajiri. Wanaonunua maji ya chupa tunawajua wanakaa wapi. Na hujajibu juu ya muhuri.

Mkaaji wa Muhumba: Mama, sikukutukana. Nilisema watu wasijenge bondeni.

Mama wa Funu: Ulisema watu wa vijijini. Iko hapo juu, soma.

Fundi Mabati: Dada ana haki. Lile neno liondoe kwanza.

Mwana Kadutu: Nimemsomea Papa yote. Anauliza, zamani salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ilisafisha mitaro kabla ya Septemba, siku hizi ni zamu ya nani?

Mama wa Funu: Avenue yetu tulifanya wenyewe, wanawake kumi na moja na beleshi mbili. Muhumba mlileta ngapi?