Naombeni ushauri: programu yangu ya dawa niikuzeje nje ya Dar?

Mtafutaji_Dar: Wakuu, heshima kwenu. Nina programu ya simu ya kuagiza dawa. Mteja anaagiza, bodaboda anachukua famasi anampelekea nyumbani. Ubungo na Kinondoni tunakwenda vizuri, sasa nataka Mwanza na Dodoma. Silali kwa mawazo. Wateja wa kule niwapateje haraka?

Mama Mkubwa: Hongera mwanangu. Ila waambie bodaboda wako dawa si chipsi. Insulini ya mume wangu, kampuni nyingine hiyo, ilifika ya moto kwa jua la saa nane. Ile inatakiwa nyuzi 2 hadi 8! Nilimwaga.

Ngosha: Karibu Mwanza. Achana na matangazo, anza na wenye maduka ya dawa muhimu. Mtaani wanaaminika.

Mfamasia wa Zamu: Mkuu, anayehakiki vyeti vya dawa vya daktari kwenye mfumo wenu ni nani? Na mmejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Sheria ni ya 2022, na taarifa za afya ni taarifa nyeti.

Mtafutaji_Dar: Tume tuko kwenye mchakato. Famasi yetu imesajiliwa.

Mfamasia wa Zamu: Sijauliza famasi. Nauliza mtu.

Mtafutaji_Dar: Sawa. Cheti cha mfamasia kilichopo ukutani ni cha rafiki yangu, tunamlipa kila mwezi, yeye yuko Songea kikazi. Nani hafanyi hivyo? Muuzaji wetu mzoefu, na antibayotiki bila cheti cha daktari anawapa wateja wa siku nyingi tu. Halafu fremu ya Mwanza nimeshalipia kodi ya mwaka.

Mfamasia wa Zamu: Dozi ikimdhuru mtoto wa mtu, atakayetafutwa ni huyo wa Songea. Na usugu wa dawa, yaani vijidudu kutosikia dawa tena, hauchagui mteja mpya wala wa siku nyingi.

Shemeji Mtu: Shemeji yangu mfamasia alikodisha cheti chake hivyohivyo. Wakaguzi walipofunga duka, mwenye duka akazima simu. Shemeji ndiye aliyeitwa Baraza la Famasi.

Jicho Kali: Mnamjibu nani? Kajiunga jana. Chai hii, haina hata sukari. Programu inaitwaje?

Mtafutaji_Dar: Nikiitaja mtaniripoti.

Jicho Kali: Chai.

Mfamasia wa Zamu: Hata kama ni chai, wanaofanya hivyo wanatusoma humu. Mkuu, mfamasia wa Mwanza umeshampata?

Mtafutaji_Dar: Rafiki yangu anasema cheti chake kitafaa na kule.